Mimi ndiye ninayeileta kahawa, kozi inanifundisha kuiagiza

Jamani, jambo hili limenikaa moyoni tangu masika na leo nalitoa. Shilingi 7,500 zangu zimeliwa na kozi ya Kiitaliano, na najua hapa Malindi si mimi peke yangu.

Mimi ni mama wa miaka 41, nafanya kazi ya vyumba kwenye nyumba ya wageni upande wa Casuarina. Masika ikiingia wageni huondoka, nyumba hufungwa, na sisi wa vyumba twarudi makwetu kungoja Julai. Mwaka huu nikasema sikai bure. Wenzangu wanaokijua Kiitaliano sawasawa ndio wanaowekwa mapokezi, na changu mimi ni kile cha kuokota ufuoni: ciao, bella, quanto, domani. Nikaona tangazo la kozi ya kujisomea: Kiitaliano kwa siku 30, utaongea kama mwenyeji, na cheti juu. Nikalipa kwa simu. Nikatumiwa sauti 30 za nusu saa nusu saa, na kitabu cha kusomea humo humo kwenye simu.

Somo la kwanza, kuagiza kahawa. La tatu, kukata tiketi ya treni ya Firenze, mji wa huko Italia, kwenda na kurudi. La sita, kuuliza njia ya makumbusho. Nani kawaambia mimi naenda Firenze? Malindi hata treni hatuna, mpaka Mombasa. Na kahawa mimi siiagizi, mimi ndiye naipeleka mezani! Kozi nzima yanifundisha kuuliza, na kazi yangu kutwa nzima ni kujibu.

Maneno ninayoyahitaji ni haya: lenzuola, mashuka. Asciugamano, taulo. Zanzariera, chandarua. "Manca l'acqua", maji hakuna. "È andata via la luce", stima zimepotea, neno ambalo mgeni wa Malindi atalisema kabla hajamaliza wiki. Hata moja halimo kwenye masomo 30. Nimepekua moja moja, kalamu mkononi.

Agosti mgeni mmoja, mama mtu mzima, akaja mlangoni akaniambia, "Il rubinetto perde." Rubinetto nalijua, mfereji. Na perdere nilifundishwa kwenye somo la mtu aliyepoteza pasipoti: kupoteza. Nikamuuliza amepoteza nini. Akarudia. Nikaanza kutazama chini ya kitanda, nikainua mito, yeye amesimama ananitazama. Mwisho akanishika mkono akanipeleka bafuni. Maji yalikuwa yanadondoka kwenye sinki, to, to, to. Kumbe neno la kupoteza ndilo hilo hilo la kuvuja. Mtu akifundishwa maana moja, na hiyo moja ni ya msafiri, atajuaje?

Na huyo huyo mama, siku ya kwanza nilimwamkia "Ciao, come stai?" kama nilivyofundishwa. Akanijibu polepole, "Buongiorno. Come sta?" Ndipo nikajua nimemkosea adabu. Waitaliano wana heshima yao: mtu mzima usiyemjua humwambii "tu", yaani wewe ya kawaida, wamwambia "Lei", wewe ya heshima, na kitenzi chabadilika. Sisi watu wa pwani tungelielewa hili kwa dakika moja, maana hakuna mtoto hapa anayemwamkia nyanya yake "mambo" akaachwa hivi hivi. Kozi yao Lei wameiweka somo la 27. Somo la 27! Mfanyakazi wa hoteli anaihitaji siku ya kwanza, saa ya kwanza.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mimi nilikuwa na mtaji, Kiswahili changu, na hakuna aliyeutumia. Maelezo yote ni ya Kiingereza, yameandikwa kwa mtu anayewaza kwa Kiingereza. Wametumia somo zima kufundisha a, e, i, o, u, ambazo sisi twazitamka hivyo tangu tunanyonya. Wakatumia masomo mawili kumbembeleza mwanafunzi akubali kwamba sifa hufuata nomino: la camera piccola, le camere piccole. Chumba kidogo, vyumba vidogo! Mtu aliyekulia ndani ya ngeli haogopi hilo. Gn ni ny yetu ya nyumba, basi, imekwisha. Lakini pale tunapokwama sisi wamepita mbio. Ch yao ni k: chiave, ufunguo, hutamkwa kiave, na ci ndiyo chi yetu. Mimi nimekwenda wiki mbili nasema "chiave" kwa ch ya chai. Mkazo wetu karibu siku zote huwa silabi ya pili kutoka mwisho, wao hawana uhakika huo: camera mkazo uko mwanzo, na mimi nikiutia katikati kama kamera ya kupigia picha, naonekana sijui hata chumba.

Tena zile herufi mbili mbili. Casa ni nyumba, cassa ni pale pa kulipia. Sete ni kiu, sette ni saba. Anno ni mwaka, na ukiitamka kwa n moja umetaja sehemu ya mwili isiyotajwa mbele ya wageni. Kwa hili kozi ina sentensi mbili tu.

Waitaliano wako huku tangu miaka ya 1960, tangu San Marco, kituo chao cha kurushia roketi pale Ngomeni, ambako setilaiti ya Uhuru ilirushwa Desemba 12, 1970. Miaka yote hiyo, na bado mtu wa Malindi auziwa Kiitaliano kilichofungwa ndani ya Kiingereza.

Na hizo siku 30 ni uongo mtupu. Taasisi ya Marekani inayowafundisha wanadiplomasia wao inakiweka Kiitaliano kwenye kundi la lugha rahisi zaidi kwa Mmarekani, na bado inahesabu wiki 24 hadi 30, saa zaidi ya 500 za darasani. Nusu saa mara siku 30 ni saa 15. Pigeni hesabu wenyewe.

Cheti nacho kimeandikwa B1, yaani kiwango cha kati cha kuijua lugha. Meneja alikitazama akanirudishia bila neno. Jirani yangu ameolewa na Mwitaliano, naye aliuziwa hiki hiki, akiambiwa kitamfaa kwenye uraia. Hakimfai. Tangu 2018 anayeomba uraia wa Italia kwa ndoa atakiwa B1 yenye mtihani unaotambulika: CILS ya chuo kikuu cha Siena, CELI ya chuo kikuu cha Perugia, PLIDA ya chama cha Dante Alighieri, au ule wa chuo kikuu cha Roma Tre. Muuzaji alilijua hilo. Nilipomwandikia, alisema pesa hairudi, kisha akanitoa kwenye kundi la WhatsApp.

Kwa hivyo mnaotaka kununua, kabla hamjatuma hata shilingi, dai somo moja la kusikiliza. Tafuta Lei iko wapi. Tafuta kama kuna mahali mhudumu anaongea na mgeni, na wewe unaachiwa nafasi ya kumjibu kwa sauti. Muulize muuzaji kiwango gani na mtihani wa nani. Akianza kuzungukazunguka, funga simu.

Mimi 7,500 zangu nazitaka. Aliyeuziwa kozi yenye treni ya Firenze somo la tatu aandike hapa chini alilipa kiasi gani na lini, twende kudai pamoja.