Pikipiki ya theluji imegoma kuwaka kwenye nyuzi 43 chini ya sifuri, naombeni ushauri

Mvuka Ziwa:
Habari zenu wanajukwaa. Nina pikipiki ya theluji yenye injini ya mipigo miwili, ya kabureta, ambayo tangu jana asubuhi imekataa kabisa kuwaka. Kipimajoto cha zebaki kilichopo ukutani kinaonyesha nyuzi 43 chini ya sifuri. Stata ililia mara moja ikanyamaza, nikahamia kwenye kamba, nikavuta hadi bega likafa ganzi, na nilichoambulia ni harufu ya petroli tu. Kesho alfajiri ni lazima nivuke ziwa. Swali langu ni moja: nichanganye dawa gani kwenye petroli ili isigande?

Mama Utulivu:
Mwanangu, kabla ya dawa ya petroli, jiulize utafanyaje injini ikizima katikati ya ziwa. Mashine iliyogoma mlangoni pako imekufanyia hisani. Unasafiri na nani, na nani anajua saa utakayofika? Hayo hukuyaandika.

Betri Uvunguni:
Pole sana, ndugu. Mimi kila jioni hufungua betri na kulala nayo ndani, na mke wangu ameshazoea. Majira fulani niliiacha nje ikiwa imeisha chaji, na asubuhi nikaikuta imevimba ubavu na kupasuka, kwa sababu maji ya betri isiyo na chaji huganda mapema, ilhali ya betri iliyojaa hustahimili hata baridi kali kuliko hiyo yako. Nikanunua nyingine kwa mtu aliyeniapia kwamba ni mpya. Hicho nacho ni kisa kirefu, nitakisimulia siku nyingine.

Fundi Mstaafu:
Petroli haigandi kwenye nyuzi 43. Tatizo lake ni kwamba haigeuki mvuke: huingia kwenye silinda ikiwa matone, hulowesha plagi, na cheche hukosa cha kuwasha. Kinachoganda ni maji yaliyojificha ndani ya petroli, na hayo ndiyo ambayo spiriti husaidia kuyachukua. Naomba majibu matatu. Ulipovuta choki, ile ya kuongeza mafuta wakati wa kuwasha, ulikuwa umebana leva ya mafuta? Leva hiyo inarudi ukiiachia? Na ukimulika kabureta kwa tochi, unaona nini?

Mvuka Ziwa:
Ahsante, fundi. Leva nilikuwa nimeibana, kwani bila hivyo injini itapata wapi mafuta? Kwa sasa ni nzito na inarudi nusu. Kabureta ina barafu angavu kama kioo, iliyotambaa hadi kwenye waya wa leva. Nadhani ni umande wa usiku. Tafadhali tubaki kwenye dawa ya petroli.

Fundi Mstaafu:
Umande kwenye baridi hiyo huwa unga mweupe unaopukutika ukiupuliza. Barafu ya kioo hutokana na maji yaliyomwagika, na huko nje hakuna maji yanayotiririka isipokuwa yale yaliyobebwa na mtu kutoka ndani. Ulifanya nini?

Mvuka Ziwa:
Nilimwagia birika moja la maji ya moto. Sikulitaja kwa sababu sioni linahusiana vipi na petroli. Maji hayohayo hufungua kitasa cha mlango wangu, na kwa dakika mbili hivi leva ilikuwa laini kabisa. Msinione mzembe. Nimeshaandaa jiko la gesi la kuweka chini ya injini, na turubai nimeshalifunga juu yake ili joto lisipotee. Nauliza tu kama dakika ishirini zitatosha.

Kijiti cha Kiberiti:
Mkuu, ulikuja kuuliza namna ya kuiwasha. Kwa jiko chini, turubai juu na petroli uliyoimwaga humo kwa kuvuta kamba siku nzima, itawaka bila shaka yoyote. Tatizo litakuwa kuizima.

Mpenda Ushahidi:
Ndugu zangu, mnachezewa. Zebaki huganda inapokaribia nyuzi 39 chini ya sifuri, kwa hiyo hakuna kipimajoto cha zebaki kinachoweza kusoma 43. Huyu ameketi kwenye kochi penye joto anatunga, na kila mjadala unapopoa anaongeza kituko: kwanza birika, sasa jiko. Kesho atatuletea dubu.

Betri Uvunguni:
Hata mimi nilianza kushangaa. Ingawa kisa changu cha betri ni cha kweli kabisa.

Mama Utulivu:
Hata kama ni hadithi, atapita msomaji mwenye jiko la kweli. Mjibuni kana kwamba ni kweli. Nami bado nasubiri jibu langu.

Mvuka Ziwa:
Nimetoka nje kukitazama. Kimiminika chake ni chekundu. Tangu utotoni kila kipimajoto nimekiita cha zebaki, na sikujua kwamba ingekuwa kesi. Kama natunga, basi nimetunga pia hizi ncha mbili za vidole zilizogeuka nyeupe baada ya kudondokewa na petroli nilipokuwa nafungua plagi.

Fundi Mstaafu:
Chekundu ni spiriti iliyotiwa rangi, nayo husoma chini zaidi ya hapo. Suala la kipimajoto limekwisha. Vidole vitie kwenye maji ya uvuguvugu, wala usivisugue, na visiporudi katika hali yake vipeleke kwa daktari. Petroli hubaki majimaji ikiwa na baridi yote ya nje, na ikigusa ngozi huikabidhi baridi hiyo papo hapo.

Jiko liondoe. Moto karibu na petroli sina haja ya kuueleza. Ukitaka kupasha injini, tumia hewa ya moto inayoletwa kwa bomba kutoka mbali, au blanketi la umeme lililotengenezwa kwa kazi hiyo. Kabureta ifungue uilete ndani pamoja na plagi, umwage kilichomo kwenye bakuli lake, ukaushe kila tundu, kisha upitie waya wa leva hadi uteleze. Leva isiyorudi ni hatari kuliko injini isiyowaka, kwa maana ikiwaka itaondoka bila wewe. Utakapovuta kamba, choki iwe imevutwa na leva usiiguse hata kidogo. Ukiibana, choki haivuti mafuta inavyotakiwa. Mwisho, inua sehemu ya nyuma uhakikishe mkanda wa chini haujagandamana na ardhi.

Mvuka Ziwa:
Kabureta iko mezani juu ya gazeti, inachuruzika. Ndani ya bakuli lake kulikuwa na kipande cha barafu cha ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, kimekaa palepale penye tundu la mafuta. Mama, nilikuwa niende peke yangu. Nimempigia jirani, naye amesema tukiondoka tutaondoka saa sita mchana kwa pikipiki mbili, vinginevyo hataki kusikia habari hiyo. Turubai naweza kuliacha?

Fundi Mstaafu:
Turubai liache. Jiko lirudi jikoni.

Mpenda Ushahidi:
Tuwekee picha ya hicho kipande cha barafu.

Mvuka Ziwa:
Kimeshayeyuka.