Wagonjwa waliopasuliwa wananijibu "sijambo" tu. Nifanyeje?

Zamu_ya_Usiku:
Habari za kazi wanajukwaa. Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji, sasa nasoma shahada ya uzamili. Utafiti wangu unahusu wanayopitia watu waliopasuliwa tumbo, tangu wanapozinduka kwenye nusu kaputi hadi wanaporuhusiwa. Kibali cha kamati ya maadili ninacho, na nimeanza mahojiano ya majaribio. Nikiuliza, "Maumivu yanaendeleaje?" najibiwa, "Sijambo, namshukuru Mungu, mmenihudumia vizuri." Na huyohuyo usiku nilimwona ameng'ata shuka, anajizuia asikohoe! Msimamizi wangu anataka niachane na mahojiano nitumie kipimo cha 0 hadi 10 peke yake. Roho yangu inakataa. Kipimo kitaniambia maumivu ni 4, hakitaniambia kwa nini hakuniita. Naombeni ushauri.

Mkufunzi_Wodini:
Mahojiano usiyaache. Ila jiulize, huyo mgonjwa anapokutazama anamwona nani? Anamwona atakayemchoma sindano usiku. Nani atathubutu kumlalamikia? Vua sare, hoji wagonjwa wa wodi usiyofanyia kazi, au subiri mtu aruhusiwe mzungumze siku anayorudi kutolewa nyuzi.

Swali lako nalo ni fupi mno, linajibika kwa adabu tu. Mwambie, "Nisimulie usiku wa kwanza." Kisha nyamaza, hata kama kimya kitakuwa kirefu. Akifika penye kukohoa, kukaa kitandani kwa mara ya kwanza, au kwenda chooni na mpira wa mkojo, hapo ndipo umwulize alikuwa akiwaza nini na nani alikuwa karibu naye.

Kwa msimamizi wako, peleka historia. Mwaka 1964 nchini Marekani, daktari wa usingizi Lawrence Egbert na wenzake walifuatilia wagonjwa 97 wa upasuaji wa tumbo. Walioelezwa mapema kuhusu maumivu na namna ya kulegeza misuli walihitaji takriban nusu tu ya dawa kali za maumivu walizohitaji wenzao wasioelezwa. Halafu Uingereza wakaja wauguzi wenyewe: Jack Hayward mwaka 1975 na Jennifer Boore mwaka 1978. Boore alipima hadi homoni za msongo kwenye mkojo kuonyesha kwamba maelezo anayopewa mgonjwa kabla ya kupasuliwa yanaonekana mwilini mwake. Kwa hiyo asikuambie mtu kwamba hofu ya mgonjwa ni hadithi za pembeni. Anayeogopa kukohoa anabaki na makohozi kifuani, na nimonia iko njiani. Anayeogopa kusimama, damu inaweza kumganda miguuni. Hofu hiyo huwezi kuiona kwenye faili, lazima akusimulie mwenyewe.

Mshono_Umepona:
Mimi si muuguzi, nilikuwa mgonjwa. Dada, nikwambie kwa nini sikuita. Nilimwona muuguzi mmoja anahangaika na wodi nzima, nikaona haya kumwongezea. Niliogopa pia kwamba dawa kali zitanizoea mwilini nishindwe kuziacha. Na niliamini kabisa nikikohoa mshono utafumuka. Aliyenifundisha kukandamiza mto juu ya kidonda ndipo nikohoe ni mgonjwa wa kitanda cha jirani. Hakuna aliyewahi kuniuliza haya, na ningeulizwa ningeyasema yote.

Takwimu_na_Huruma:
Tumia vyote viwili, ila kipimo cha 0 hadi 10 chukua mara mbili: akiwa ametulia, na akiwa anakohoa au anageuka. Mtu anaweza kuwa 2 amelala na 8 akikohoa. Ukiandika ile 2 peke yake, mgonjwa hapati dawa anayoihitaji ili atembee.

Na hilo la muuguzi mmoja wodi nzima liingize kwenye tasnifu. Linda Aiken na wenzake walichapisha mwaka 2014 utafiti wa hospitali za nchi 9 za Ulaya: kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwa muuguzi aliambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30.

Zamu_ya_Usiku:
Asanteni sana. @Mshono_Umepona, hayo mambo matatu uliyoyataja nitayaweka kwenye mwongozo wangu wa mahojiano. Nimeomba nihamishiwe wodi nyingine kwa ukusanyaji wa data. Swali moja limebaki: ndugu anayemuuguza akiwepo wakati wa mahojiano, mnamwomba atoke au mnamwacha?

Mkufunzi_Wodini:
Mwulize mgonjwa kwanza, ndugu akiwa hayupo.