Naomba ushauri: kulinda pesa ukijipangia safari mwenyewe

Wakuu, habari zenu. Tuko Uingereza, tunataka kuwapeleka wazazi Ureno. Tiketi na hoteli tunanunua kila kimoja kivyake, na ndipo hofu inapoanzia. Kampuni ya utalii ya Uingereza, Thomas Cook, ilipofilisika Septemba 2019, wenye kifurushi (ndege na hoteli kwa pamoja) chenye ATOL, yaani mpango wa Uingereza wa kulinda pesa za wasafiri wa ndege, walikuwa na haki ya kurejeshewa pesa. Tiketi tupu uliyoinunua kwa shirika la ndege lenyewe haimo humo.

Najua kadi ya mkopo ina kifungu cha 75 cha sheria ya Uingereza ya mikopo ya wateja (Consumer Credit Act) ya mwaka 1974: kitu kikizidi pauni 100 na kisipite 30,000, benki inawajibika pamoja na muuzaji. Sasa hoteli tuliyoipenda inauzwa na tovuti ya kati, na pesa inaingia kwa tovuti, si kwa hoteli. Je, hoteli ikifunga milango, benki itakubali dai?

Halafu bima ya safari. Nimesoma masharti ya kadhaa, nyingine hazigusi kabisa kufilisika kwa shirika la ndege. Mnaangalia kipengele gani kabla ya kulipa?

Aliyewahi kudai akalipwa, tafadhali anieleze alianzia wapi. Wazee wenyewe wamechangia akiba yao, siwezi kuibahatisha.