R (programu ya takwimu) inaniambia mbolea inapunguza mahindi, naombeni msaada nakabidhi Ijumaa

mwana_shamba: Habari zenu wakuu. Nina data ya wakulima 84 wa mahindi, nimewafuata mwenyewe shamba kwa shamba, kolamu moja kilo za mbolea nyingine kilo za mavuno. Nikapiga cor.test, ile ya kupima korelesheni (kama vitu viwili vinapanda na kushuka pamoja), ikagoma, inasema x lazima iwe namba, nikagugo nikakuta niandike as.numeric(as.factor(mavuno)), ikakubali vizuri tu, ila sasa korelesheni imetoka hasi na thamani ya p ndogo kabisa (yaani si rahisi iwe bahati tu), yaani anayeweka mbolea nyingi ndo anavuna kidogo?? Msimamizi kaniambia karudie. Usiku wa pili huu sijalala, na wale watu waliacha majembe yao wakanijibu maswali, siwezi kuwaandikia uongo.

Makame_R: Usiguse kitu kwanza mkuu. Andika str(data) halafu tuambie kolamu ya mavuno inasomekaje.

mwana_shamba: chr, halafu "1,200" "450" "2,100" "800", zote zina alama za nukuu.

Makame_R: Basi ndo hapo. Huo mkato wa elfu umetoka nao Excel, R inaona ni maandishi. Ulipoigeuza factor (makundi yanayopewa namba za mpangilio) ikazipanga kama maneno ya kamusi, kwa hizo nne tu "1,200" inakuwa 1, "2,100" inakuwa 2, "450" inakuwa 3 na "800" inakuwa 4. Yaani aliyevuna kilo 450 kamzidi wa kilo 2,100, ndo maana inaweza kutoka hasi.

dada_takwimu: Si atoe as.factor abaki na as.numeric tu?

Makame_R: Hapana dada, hapo zenye mkato zote zinageuka NA (yaani hakuna thamani), na cor.test inaruka NA kimyakimya, anabaki na waliovuna chini ya kilo elfu peke yao. Atoe mkato kwanza:

mavuno <- as.numeric(gsub(",", "", data$mavuno))

Halafu kwenye majibu ya Pearson (korelesheni ya kawaida ya cor.test) angalia df, ni idadi ya jozi toa 2, yako iwe 82. Ikipungua ujue kuna wakulima wamedondoka njiani.

mzee_wa_grafu: Na uchore, plot(data$mbolea, mavuno), kabla hujaandika hata sentensi moja. Andika anscombe kwenye R, zimo humo data za Francis Anscombe za 1973, seti nne na zote korelesheni ni kama 0.816, ukizichora moja imepinda kama upinde, nyingine nukta zimesimama wima na moja tu imejitenga mbali ndo inayoleta hiyo 0.816. Namba haikuonyeshi hayo mwanangu.

mwana_shamba: Imetoka chanya, df 82!! Asanteni sana jamani. Mzee nimechora, kuna nukta moja iko juu kabisa peke yake, nimefungua daftari nikakuta 1,900, kwenye kompyuta niliingiza 19,000. Nimerekebisha. Ila nimejaribu na Spearman (korelesheni inayotumia nafasi za namba badala ya namba zenyewe) inanionya haiwezi kupata thamani kamili ya p.

dada_takwimu: Hiyo isikutishe, mbolea inanunuliwa kwa mifuko ya kilo 50 kwa hiyo wakulima wengi wamefungana, wote 50 au 100. Weka exact = FALSE, na kwenye ripoti useme umetumia makadirio.