Nani hasa walipuliza saksafoni kwenye muziki wa soul wa zamani?

Wakuu, waimbaji tunawajua hadi majina ya watoto wao. Lakini yule aliyeitwa studio, akapuliza kipande kifupi, akalipwa na kuondoka, ni nani? Nianzie na “Respect” ya Aretha Franklin.

— Huyo ni King Curtis, 1967. Otis Redding alipoutoa wimbo huo 1965 haukuwa na sehemu ya katikati. Studio wakaazima chords (sauti zinazopigwa pamoja) za “When Something Is Wrong with My Baby” ya Sam & Dave, Curtis akapuliza juu yake. Sikiliza muziki unavyohamia ufunguo mwingine (ngazi nyingine ya sauti) ghafla, kisha Aretha anarudi kama hakuna kilichotokea. Mimi hapo hurudisha nyuma kila mara, majirani wanisamehe.

— Curtis sawa, ila mnamsahau Mike Terry wa Detroit. Saksafoni ya baritoni, ile kubwa! Ile sauti nzito ya kukwaruza kwenye “Where Did Our Love Go” ya The Supremes, 1964, ni yake. Kampuni ya rekodi ya Motown, iliyotoa wimbo huo, hawakuwa wakiandika wanamuziki kwenye majalada, ndiyo maana tunaulizana leo.

— Na “What's Going On” ya Marvin Gaye, 1971? Saksafoni ya alto, ndogo kuliko baritoni, inayosikika mwanzo ni ya Eli Fontaine. Alikuwa anapasha moto tu, Gaye akamwambia kazi imekwisha, aende nyumbani.

— Muuliza swali tena: duh, Fontaine huyo! Baritoni naitafuta sasa hivi, safari hii kwa hedifoni.