Mjadala: Mkusanyiko wa taarab ya Mombasa uandikwe "Zanzibara 2" au jina gani?

Mwana wa Kuze
Jamaa, assalaam alaykum. Kuna orodha ya pamoja inayotengenezwa ya CD zote zenye taarab ya Mombasa, itumiwe na maktaba, watangazaji na wakusanyaji, na imekwama kwenye CD moja. Buda Musique, kampuni ya muziki ya Paris, ilianza mfululizo wa Zanzibara mwaka 2005. Nambari 2 yake ni mkusanyiko wa taarab ya Mombasa ya 1965–1975. Ina jina la Kifaransa, "L'âge d'or du taarab de Mombasa", na la Kiingereza, "Golden Years of Mombasa Taarab". La Kiswahili hakuna. Wako wanaoandika "Zanzibara 2" wakaishia hapo, wako wanaoanza na Kifaransa, wako wanaoanza na miaka. Rai yangu: Zanzibara isikae mbele. Juma Bhalo, Zein l'Abdin, Matano Juma, Zuhura Swaleh, waimbaji hawa ni wa pwani hii. Hata lebo ya Mzuri, ya duka la Assanand, ilikuwa Mombasa, si Unguja.

Mkutubi, Kizingo
Alaykumu salaam. Uchungu wa Mvita tuuweke kando kidogo, maana jina la santuri halichaguliwi kwa haki ya mji. Linasomwa kwenye kitu chenyewe. Kwa AACR2, kanuni za kuandika katalogi zilizotumiwa na maktaba nyingi kwa miongo kadhaa, chanzo cha kwanza ni sahani yenyewe na lebo yake. Jalada, kijitabu na mgongo wa kasha huja baadaye. Kwa mikusanyiko kuna ruhusa ya pekee: ikiwa sahani haina jina la jumla ila majina ya nyimbo tu, na kasha linalo, basi kasha ndilo chanzo. Orodha za mtandaoni si chanzo, hata zikikubaliana kumi. Mara nyingi zimenakiliana.

Pili, lugha. Kifungu 1.1B8 chasema majina yakiwa ya lugha mbili, chukua lile la lugha inayoimbwa. Ndiyo maana santuri ya Zein iliyotolewa na lebo ya GlobeStyle, ya 1990, haitupi taabu: "Mtindo wa Mombasa" ni Kiswahili na anayeimba anaimba Kiswahili, basi linatangulia, na "The Style of Mombasa" linafuata baada ya alama ya =. Kwenye hii ya Buda kigezo hicho hakifanyi kazi, kwa sababu hakuna anayeimba Kifaransa wala Kiingereza. Kikishindwa, unafuata mpangilio wa chapa: lililotangulia au lililochapwa kwa uzito zaidi.

Mwana wa Kuze
Na lililochapwa kwa uzito ni Zanzibara! Tumerudi pale pale.

Mkutubi, Kizingo
Hapo ndipo penye ugomvi wa kweli. Kuna njia mbili, na zote zina watu wake. Ya kwanza, Zanzibara ni jina la mfululizo: linawekwa mwishoni kwenye mabano, (Zanzibara, 2), na jina la sahani linasimama peke yake. Ya pili, Zanzibara ni jina mama na hii ni sehemu yake: "Zanzibara. 2, L'âge d'or du taarab de Mombasa". Kipimo ni rahisi. Ondoa jina mama, kisha tazama kilichobaki kinajitosheleza au hakijitoshelezi. Ingekuwa "Sehemu ya pili" tu, hakijitoshelezi. Hapa kinajitosheleza: kinataja aina ya muziki na mji. Mimi naenda na mfululizo.

Na usione Zanzibara kuwa ni madai ya mahali. Nambari 1 ni Ikhwani Safaa, klabu iliyoasisiwa Unguja mwaka 1905, sawa. Lakini nambari 3 ni sauti ya Tanzania ya miaka ya 60, muziki wa dansi. Kama jina lingekuwa la mahali, hiyo nayo ingekuwa na kesi.

Fundi wa sauti, Majengo
Maalim, kanuni zako nzuri, lakini wengi wanaosikiliza taarab hii hawana kasha wala kijitabu. Wanayo fleshi kwenye gari. Na huko jina refu linakatwa.

Lebo za zamani za faili ya MP3, zile ID3v1, zina nafasi ya herufi 30 tu za jina la albamu, nafasi tupu na alama zikihesabiwa. Ukiandika "Zanzibara 2: L'âge d'or du taarab de Mombasa", redio ya gari itaonyesha "Zanzibara 2: L'âge d'or du taa". Ukiandika Kiingereza inaishia "Zanzibara 2: Golden Years of M". Mombasa imekatika, Zanzibara imebaki. Na ile â kwenye redio zisizosoma alama za Kifaransa hugeuka takataka. ID3v2, zilizokuja baadaye, hazina kikomo hicho, lakini programu nyingi huandika zote mbili, na redio za bei rahisi husoma ile ya zamani.

Kwa hiyo kwenye faili andika hivi:

Albamu: Taarab Mombasa 1965-1975 (herufi 24, inaingia yote).
Msanii wa albamu: Wasanii mbalimbali. Usiache nafasi hii tupu. Ukiiacha, programu itavunja mkusanyiko mmoja kuwa "albamu" nyingi kwa jina la kila mwimbaji.
Msanii: mwimbaji wa wimbo huo, kwa tahajia moja. Bhalo, Bhallo na Balo kwa kompyuta ni watu watatu.
Maelezo: Zanzibara 2, Buda Musique.

Mkutubi, Kizingo
Lakini hilo umelitunga, fundi. Halimo popote kwenye sahani.

Fundi wa sauti, Majengo
Nimelitunga, na ndiyo maana nimesema kwenye faili, sikusema kwenye katalogi.

Mtangazaji, Likoni
Kwa sisi wa studio jina la albamu si kitu kikubwa. Fomu ya nyimbo zilizopigwa huuliza jina la wimbo, mtunzi na mwimbaji, na haki hufuata wimbo. Hata msimbo wa ISRC, wenye herufi na tarakimu 12, ni wa rekodi moja moja, si wa albamu. Msimbopau ndio unaofuata toleo. Santuri za inchi 7 za miaka ya 60 hazikuwa na ISRC, kwa sababu kiwango chake ni cha 1986. Kinachotuumiza hasa ni mwaka. Anayeandika 2005 anaifanya Mombasa ya 1970 ionekane muziki wa juzi, na anayeandika 1965 anazipa nyimbo zote mwaka mmoja ambao si wake. Miaka 1965–1975 ikae ndani ya jina, na mwaka wa toleo ukae mahali pake.

Bi Mkusanyaji, Kibokoni
Wanangu, mwasahau nakala za mtaani. Sahani nyingi zilizozagaa zimechomwa dukani, na jalada limechapwa na mwenye duka: "Taarab ya Zamani" na nambari yoyote. Mtu akinunua hiyo huapa kwamba ndilo jina. Kabla ya kubishana, geuza sahani. Ile ya kiwandani ina maandishi madogo kwenye duara la ndani karibu na tundu, na upande wa chini ni wa rangi ya fedha. Iliyochomwa upande wa chini huelekea zambarau, kijani au samawati. Kisha linganisha mpangilio wa nyimbo na dakika za kila wimbo. Vikilingana, umeijua asili yake. Jina la duka liandikwe kwenye maelezo ya nakala hiyo, lisipandishwe juu.

Na hilo la Kiswahili mimi nalitaka. Nyimbo za Kiswahili, jina la Kifaransa, aka!

Mkutubi, Kizingo
Bi, liwekwe, lakini kwenye mabano ya mraba, msomaji ajue limetoka kwetu: [Miaka ya dhahabu ya taarab ya Mombasa]. Kwenye MARC, muundo wa rekodi za katalogi kwenye kompyuta, jina la sahani linakaa sehemu ya 245, majina mengine yote 246, pamoja na la fundi, na mfululizo 490. Mtu atafute kwa lipi atakalo, ataifikia sahani ile ile.

Mwana wa Kuze
Haya. Kwenye orodha liwe hivi: "L'âge d'or du taarab de Mombasa = Golden Years of Mombasa Taarab : 1965–1975. (Zanzibara, 2)". Mwenye sahani ya kiwandani mkononi atazame lebo: Kiingereza kikitangulia, tunageuza.

Fundi wa sauti, Majengo
Ila ile 2 isidondoke popote, hata kwenye faili. Nambari 10 ya mfululizo huo huo inachanganya Mombasa na Tanga, 1970–1990. Ukiacha nambari, mtu atakayetafuta "taarab Mombasa 1970" ataletewa zote mbili na hatajua ipi ni ipi.