Leo ni 18 Aprili: Jenerali Ogolla kwenye kikundi cha familia

Shangazi Mwanajuma: Habari za asubuhi wapendwa. Leo ni 18 Aprili. Tumwombee Jenerali Francis Omondi Ogolla, aliyekuwa Mkuu wa Majeshi yetu ya Kenya, na wanajeshi 9 waliokufa naye kwenye ajali ya helikopta pale Sindar, Elgeyo Marakwet, mwaka 2024. Mungu awalaze pema.

Bi Mkubwa: Amin 🙏🏾

Salim: Amin shangazi. Wengi wanamjua kwa cheo cha mwisho tu, na mimi naona tumkumbuke kama rubani. Aliingia jeshini Aprili 1984, Mei 1985 akawa afisa na kupelekwa Jeshi la Wanahewa. Alirusha ndege ya kivita ya F-5, kisha akafundisha marubani wengine. Julai 2018 akawa kamanda wa Wanahewa, na 28 Aprili 2023 akateuliwa Mkuu wa Majeshi. Zilibaki siku 10 atimize mwaka.

Zuhura: Mjomba Hamisi shikamoo. Kuna ujumbe unazunguka kwa majirani eti helikopta ilianguka kwa sababu ya uzee. Ni kweli?

Mjomba Hamisi: Marahaba mwanangu. Hapana, hilo halitoshi. Ripoti ya uchunguzi ya KDF, yaani Jeshi la Ulinzi la Kenya, iliyotoka 2025 ilielekeza kidole kwenye kompresa ya injini. Huey, aina ya helikopta waliyopanda, inaweza kuwa ya zamani kwa umbo lakini injini yake hufunguliwa na kubadilishwa vipuri kwa saa za kuruka. Sehemu ikifika saa zake, inatoka, hata kama inang'aa.

Zuhura: Kompresa inafanya kazi gani hasa?

Mjomba Hamisi: Injini ya Huey inaitwa T53. Hewa inaingia mbele, inapita safu 5 za vipande vidogo vinavyozunguka, kisha gurudumu moja linaloitupa hewa kwa nje. Kila hatua inaibana zaidi. Hewa iliyobanwa ndiyo inaingia kwenye moto, na moto unasukuma tabini, gurudumu linalozungusha mapanga ya juu ya helikopta.
Sasa hewa ikigonga vile vipande kwa pembe mbaya, inakatika. Ile iliyobanwa nyuma inarudi mbele kwa kishindo. Unasikia mlio mkubwa, ndege inatikisika, joto la moshi linapanda huku nguvu ikishuka. Yote ndani ya sekunde chache.

Salim: Na kinachosababisha huwa kimoja kati ya vichache: mchanga umekula makali ya vipande, uchafu umeganda juu yake, au ule mkanda wa kupunguzia hewa katikati ya kompresa haufunguki wakati injini inaongeza kasi.

Mjomba Hamisi: Sawa kabisa. Ndiyo maana kompresa inaoshwa kwa maji, na rubani analinganisha joto la moshi na kasi ya injini kabla ya safari. Joto likipita kiwango kilichoandikwa kwenye daftari la ndege hiyo, hairuki mpaka fundi aone.

Zuhura: Lakini nilisikia helikopta ikizimika injini inaweza kushuka yenyewe salama?

Salim: Inaweza, ikiwa na urefu au mwendo. Rubani anashusha mara moja ule mkono wa kuongozea ulio kushoto kwake ili mapanga yalale na upepo wa kutoka chini uendelee kuyazungusha. Kwa UH-1H, aina mojawapo ya Huey, mzunguko wa mapanga usishuke chini ya 294 kwa dakika. Pua ya Huey itavutwa kushoto, kwa hiyo anakanyaga pedeli ya kulia. Anashika mwendo wa noti (maili za baharini kwa saa) 60 hadi 80. Karibu na ardhi, futi 75 hadi 100, anainua pua kuvunja mwendo, anaisawazisha, ndipo anavuta juu ule mkono wa kuongozea kutumia nguvu iliyobaki kwenye mapanga. Nguvu hiyo ni ya mara moja tu.

Mjomba Hamisi: Na wao walikuwa ndiyo kwanza wamepaa kutoka shule ya Cheptulel, saa 8:20 mchana. Uko chini, mwendo bado mdogo, watu 12 ndani, joto la Bonde la Kerio limeifanya hewa kuwa nyepesi, na chini yako ni miti na miteremko. Hata rubani hodari hana pa kuchukua ule mwendo wa noti 60. Tusiwalaumu wale vijana wawili waliokuwa mbele.

Shangazi Mwanajuma: Umenena. Na kazi iliyowapeleka ilikuwa njema, kutembelea askari na kuangalia ukarabati wa shule zilizofungwa na ujambazi.

Salim: Kinachoniuma ni hiki. F-5 ina injini mbili, na kiti kinachomrusha rubani nje. Huey ina injini moja, na haina kiti cha namna hiyo, mapanga yako juu ya kichwa. Aliizoea ile ya kwanza, akafia kwenye hii.

Zuhura: Sikuwahi kuliwaza hilo 😢

Bi Mkubwa: Mimi namheshimu kwa mazishi. Alitaka azikwe ndani ya saa 72 na bila jeneza. Alikufa Alhamisi, Jumapili tarehe 21 akazikwa kwao Ng'iya, Alego. Jenerali mzima, na familia ikatimiza.

Shangazi Mwanajuma: Na kule Siaya watu walizoea matanga ya wiki nzima na zaidi. Si jambo dogo kwa familia ya Kijaluo.

Mjomba Hamisi: Zuhura, ule ujumbe wa uzee usiusambaze. Nakili haya ya kompresa uwapelekee majirani.

Zuhura: Sawa mjomba, natuma sasa hivi.

Shangazi Mwanajuma: Salim, kama unayo picha yake akiwa na ovaroli ya urubani iweke hapa. Zile za magwanda ya sherehe tunazo tele.